Kung'ata kwa Vidole

Asubuhi Dada Mlio alipoingia kazini na meno mapya, nilisimama kumpisha nikidhani ni mgeni wa bosi.

Sitanii. Mtu niliyekaa naye meza moja tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi zote, nikamwambia, "Karibu mama, ofisi ya utawala ni ule mlango wa bluu." Akacheka. Na alipocheka ndipo nikashtuka zaidi, maana Dada Mlio ninayemjua mimi alikuwa anachekea kiganjani. Ukimtupia neno la kuchekesha, mkono unapanda kwanza, unafunika mdomo, halafu unaona mabega yanatikisika. Kama hujamzoea utadhani analia. Sasa mkono umeshika mkoba, mdomo uko wazi, na ndani kuna meno meupe yamejipanga kama vikombe kwenye kabati la watu wasio na watoto.

"Wewe!" nikasema. "Hayo umeyatoa wapi?"

"Funga mdomo, kaka. Nzi ataingia."

Hebu nieleze kwanza kazi yetu, maana watu wakiisikia wanacheka. Sisi wawili ni waonjaji wa kiwanda cha biskuti. Chumba chetu kiko kati ya tanuri na upande wa kupakia. Kina meza, dirisha la kioo linaloangalia mkanda ambapo biskuti zinapita, jagi la maji ya uvuguvugu na ndoo ya kutemea. Trei mpya ikitoka tanurini na kupoa, fundi wa tanuri anatuletea sahani. Kila mtu anachukua yake. Mimi nahesabu, "Moja, mbili, ng'ata!" Tunang'ata kwa pamoja, kwa meno ya mbele, halafu tunanyamaza.

Kazi yenyewe iko hapo kwenye kunyamaza. Biskuti iliyoiva sawasawa inavunjika mara moja, kah! Iliyozidi moto inalia kama kijiti kikavu, na unahisi imelisukuma jino kwa nyuma. Ile tunayosema "imelala" haina sauti kabisa, ni kama umeng'ata soksi. Chuoni nilikosomea stashahada ya vyakula tulikuwa na mashine ya kupima hayo. Hapa mashine iliharibika, fundi wake akaahidi kuja, na mpaka leo tunamsubiri. Kwa hiyo mashine ni sisi.

Dada Mlio ndiye mkubwa wa meza. Husema yeye kwanza, "Ipite" au "Rudisha," na mimi nakubali au nabisha. Jina la Mlio alipewa na fundi wa tanuri, maana ukimletea biskuti mbaya hakuangalii usoni, anasema tu, "Huu si mlio wake."

Sasa meno. Ya kwake ya mbele yalikuwa yameliwa na kazi: kung'ata kutwa, sukari juu, chai ya rangi juu ya sukari. Yalikuwa mafupi, ya kahawia, na moja limevunjika pembe. Mabinti zake wakasema basi, mama, imetosha, wakampeleka kwa daktari wa meno. Daktari hakung'oa kitu. Aliyakwangua kidogo kwa mbele, akabandika vigamba vya kauri vyembamba kama ukucha, jino kwa jino.

"Kama fundi anavyobandika vigae ukutani," Dada Mlio akanieleza.

"Na ukuta ukigongwa?"

"Ndiyo maana haugongwi," akasema, na akaangalia pembeni.

Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Jicho langu ni jepesi, nyumbani huwa wananificha hata zawadi zangu mwenyewe. Lakini siku ile jicho lilikuwa bado linapepesa kwa mwanga wa yale meno.

Mchana tukaenda kantini. Dada Mlio ninayemjua alikuwa mtu wa mifupa. Mfupa ukitoka kwake, mbwa wangeitisha mkutano. Siku hiyo alikaa, akachukua uma na kisu, akaitenga nyama na mfupa, akaikata vipande vidogo, akaanza kutafuna kwa pembeni, huku, kwenye magego, polepole kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mfupa akausukuma kwangu.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Nakula."

"Huko si kula, huko ni upasuaji."

Kesho yake alileta tofaa. Badala ya kuling'ata kama binadamu, akalikata vipande vyembamba. Kesho kutwa tukanunua mahindi ya kuchoma getini, akayapukuchua kwa kisu kwenye sahani, akayala kwa kijiko, moja moja, nyuma. Barafu akaitoa kwenye glasi ya juisi kwa kijiko. Juisi yenyewe akainywa kwa mrija. Chai ya rangi akinywa, anafuatishia maji, anasukutua, anameza. Karanga hataki. Pipi ngumu hataki kuiona. Hata kipakiti cha chumvi, ambacho alikuwa anakifungua kwa meno tangu siku ya kwanza nilipomjua, akaomba mkasi jikoni. Mpishi akamletea mkasi huku ananiangalia mimi, kama vile mimi ndiye nimemharibu.

"Daktari kasema," Dada Mlio akanieleza. "Vitu vigumu usivipe meno ya mbele. Kata, vunja, loweka, tafuna nyuma. Vyenye rangi kali, suuza mapema, pembezoni mwa vigamba pasije pakatokea mstari. Ananiambia, 'Mama, ya mbele ni ya kuchekea. Ya nyuma ndiyo ya kazi.'"

Nikacheka. Nikala mfupa alionisukumia siku hiyo. Nilikuwa kwenye uboho wakati akili ilipofika. Nikauweka chini.

"Dada," nikasema, "sasa pale mezani unang'ata na nini?"

Akafuta mdomo kwa leso, akaondoka na sahani yake.

Mchana huo sikuiangalia biskuti yangu, nilimwangalia yeye. Nikahesabu, "Moja, mbili, ng'ata!" Kah! Biskuti yake ikalia vizuri kabisa. Lakini makombo yalidondoka mapajani kwake, na mtu aking'ata makombo huangukia kifuani au mezani. Trei ya pili ilipokuja nikatega sikio. Mlio wake ulitangulia, kidogo tu, kama unapoona mtu anapiga ngoma kwa mbali na sauti imekosana na mkono. Trei ya tatu nikaona kila kitu. Anapeleka biskuti mdomoni kwa mikono miwili, kama mtu mwenye heshima zake, anafumba midomo juu yake, na chini ya kidevu vidole gumba vinaivunja. Kah! Kipande anakitia pembeni ya ulimi.

Dada yangu alikuwa anang'ata kwa vidole!

Nikasubiri fundi wa tanuri atoke.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," akasema. Hata hakukataa. "Nilijua nitaweza kuficha. Wakati ananibandika, daktari akaniuliza ninafanya kazi gani. Mdomo umejaa pamba, nikamwambia kiwandani, basi. Alivyomaliza ndiyo ananiambia mambo ya vitu vigumu. Nitafanyaje, nimwambie abandue?"

"Na 'Ipite', 'Rudisha', unatoa wapi?"

"Naangalia rangi. Nasikiliza. Nakuangalia wewe unavyokunja uso." Akapangusa makombo mapajani. "Mara nyingine nabahatisha."

Alibahatisha! Mwanamke aliyewahi kurudisha mzigo wa siku nzima kwa sababu ya sauti! Nikakaa chini, na nilikuwa tayari nimekaa.

"Mwambie bosi," nikasema.

"Yule mzee aliyekaa kiti hiki kabla yangu alimwambia bosi kwamba meno yanamsumbua. Unamkumbuka? Aling'olewa mawili. Wiki haikuisha akawa anakunja maboksi kule mwisho, amesimama kutwa, mpaka alipostaafu. Kaka, mimi nimechekea kiganjani nusu ya umri wangu. Nusu nyingine nimekaa kwenye kiti hiki. Sasa unataka nichague?"

Sikutaka achague. Ndiyo maana nikawaza wazo la kijinga kuliko yote niliyowahi kuyawaza, na mke wangu anaweza kukupa orodha ya kulinganishia. Mimi ningeng'ata kweli, halafu ningemjulisha kwa mguu chini ya meza. Teke moja, ipite. Mawili, imezidi moto. Nikimkanyaga na kukandamiza, imelala. Yeye avunje kwa vidole, asubiri mguu, kisha atangaze.

Ikafanya kazi. Nasema ukweli, ikafanya kazi vizuri mno. Kitu pekee kilichobadilika ni kwamba alianza kuchelewa. Zamani alikuwa anasema hapohapo; sasa ananyamaza kwanza, macho juu, anasubiri kiatu. Fundi wa tanuri akamsifia: "Siku hizi Dada Mlio anafikiri." Nyumbani mke wangu akaokota viatu vyangu, akaangalia ncha zilivyochubuka. "Baba watoto, huko kazini mnaonja biskuti au mnacheza mpira?"

Halafu ikaja biskuti ya tangawizi.

Bosi aliitaka kwa ajili ya mteja mmoja mkubwa, mama anayepeleka vyakula kwenye nyumba za kulelea wazee na kwenye hospitali. Mama huyo hakutaka kutumiwa sampuli. Alisema atakuja mwenyewe, aone inavyoonjwa. Siku ya kuja, sisi tumekaa chumbani kwetu, viatu tayari, mara bosi akaingia na tai shingoni.

"Leo mnaonjea ukumbini, kwenye kupakia. Mnasimama. Mgeni hawezi kuja kuangalia watu wamekaa kwenye chumba kama cha mahabusu."

"Tunasimama, bosi?" nikauliza. "Bila meza?"

"Meza ya nini? Mnaonja kwa mdomo au kwa meza?"

Dada Mlio akaniangalia. Sijawahi kuona mtu mwenye meno mazuri vile akiwa na uso mbaya vile.

Ukumbini wapakiaji walikuwa wamepangwa mstari na kofia zao za wavu. Mgeni alikuwa mama mtu mzima, mfupi, mnene kidogo, viatu vya kutembelea, macho makali kuliko yangu. Bosi akasimama katikati, mimi kulia kwake, Dada Mlio kushoto. Yaani kati ya mguu wangu na mguu wa Dada Mlio kulikuwa na bosi mzima. Na yule mama mgeni hakukaa mbali. Alikwenda akasimama mbele ya Dada Mlio kabisa, akakodoa macho mdomoni kwake kama mtu anayesubiri lifti.

Vidole visingewezekana. Hata mtoto angeona.

Fundi wa tanuri akapitisha sahani. Bosi akachukua, mgeni akachukua, sisi tukachukua. Niliposhika ile biskuti tu, moyo ukashuka. Haikubonyea hata kidogo. Fundi alikuwa ameiacha tanurini zaidi ili itoke na rangi nzuri mbele ya mgeni. Rangi ilikuja, na ugumu ukaja nao.

"Hesabu," bosi akaniambia, anatabasamu kwa upande wa mgeni.

Ningefanyaje? "Moja," nikasema. "Mbili." Nikaipandisha mdomoni. "Ng'ata."

Nikang'ata. Ndugu zangu! Niliwahi kung'ata kokoto kwenye wali, niliwahi kung'ata kifungo, lakini ile ilikuwa kama kung'ata kizingiti cha mlango. Kitu kililia ndani ya kichwa changu mpaka masikioni. Nikarusha mguu nyuma ya bosi nimfikie Dada Mlio, mateke mawili, haraka. Yote mawili yakatua kwenye kisigino cha bosi.

Bosi akageuka. "Vipi wewe?"

Na hapo nikamwona Dada Mlio. Alikuwa amechelewa, kama alivyozoea, anangoja mguu ambao haukuja. Mgeni anamwangalia. Wapakiaji wanamwangalia. Akafumba macho, akafungua mdomo, na akaiweka ile biskuti katikati ya meno ya mbele, kwa kweli, vigamba juu na chini, taya linaanza kufunga.

"USIING'ATE!"

Nilipiga kelele mpaka kofia moja ya wavu ikaanguka.

Sasa fikiria wewe ni mgeni. Uko kiwandani kwa watu, una biskuti mdomoni, na mwonjaji wa kiwanda hichohicho anapiga kelele, "Usiing'ate!" Ungedhani nini? Yule mama akatema kiganjani, pu! Bosi akatema kwenye tai yake. Mtu akabonyeza kitufe chekundu, mkanda ukasimama.

"Ina nini?" bosi akauliza. Sauti ilikuwa nyembamba, si yake. "Ina nini? Sema! Ina sumu?"

"Mimi sijaweka kitu!" fundi wa tanuri akasema, mikono juu. "Haki ya nani, unga, sukari, mafuta, tangawizi! Mimi nina watoto!"

"Nimemeza kidogo," mgeni akasema, ameshika koo. "Jamani, nimemeza kidogo!"

Nikafungua mdomo kuwatuliza. Yaliyotoka hayakuwa maneno, yalikuwa upepo. Bosi akanitazama, akazidi kupauka.

"Angalia," akasema. "Imeshamshika. Ulimi umekufa."

"Haina sumu!"

Ilikuwa sauti ya Dada Mlio. Alikuwa ameitoa biskuti mdomoni, nzima, bila alama. Mkono wake wa kushoto ulianza kupanda kwenda mdomoni kama zamani. Ukafika kidevuni, ukasimama, ukashuka.

"Haina sumu," akarudia. "Ni ngumu tu. Imezidi moto. Huyu amenizuia kwa sababu nina vigamba kwenye meno na sitakiwi kung'ata vitu vigumu. Sijang'ata biskuti ya kiwanda hiki tangu nilipobandikwa. Navunja kwa vidole. Yeye ndiye anang'ata, ananipiga teke, mimi nasema."

Fundi wa tanuri akashusha mikono.

"Anakupiga teke," bosi akasema.

"Ndiyo, bosi."

Bosi akaangalia kisigino chake, akaniangalia mimi. "Na wewe, mdomo una nini?"

Nikatazama biskuti yangu. Mahali nilipong'ata kulikuwa na kitu cheupe kimesimama wima kama mshumaa kwenye keki. Nikadhani ni sukari. Nikapitisha ulimi mbele, ulimi ukapita moja kwa moja mpaka nje, hakuna mlinzi.

Lilikuwa jino langu. Nusu. La Mungu mwenyewe, bila kigamba chochote.

Mpakiaji mmoja akaanza kucheka, akazibwa mdomo na mwenzake. Bosi alikuwa ameshavuta pumzi ya kumfukuza mtu, nafikiri wote wawili, lakini yule mama mgeni akamsukuma pembeni kama anavuta pazia. Akaja karibu na Dada Mlio.

"Hebu cheka," akamwambia.

"Samahani?"

"Onyesha. Nione." Dada Mlio akaonyesha. Mgeni akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Mazuri. Mimi haya yangu yote yanatoka usiku, yanalala kwenye glasi. Na wazee wangu wote hivyohivyo. Mwenye ya bandia, mwenye ya kuunga, mwenye matatu. Mimi natafuta biskuti ya watu kama hao, na mnaniletea tofali lililomvunja huyu baba meno." Akamgeukia bosi. "Tengenezeni nyingine. Nitakuja kesho kutwa. Huyu dada aking'ata mbele yangu, kwa meno haya, yakapona, nachukua. Asipong'ata, sichukui."

Bosi akamsindikiza mpaka kwenye gari. Aliporudi alimnyooshea Dada Mlio kidole. "Kesho kutwa. Ukishindwa, unajua maboksi yako wapi." Mimi hakuniambia kitu. Alinipa leso, nikaona hiyo ni mbaya zaidi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa daktari, yuleyule aliyembandika Dada Mlio, na Dada Mlio amekuja nami. Nimelala kwenye kiti, mdomo wazi, taa usoni, na yeye juu ya kichwa changu anafanya mkutano wake.

"Biskuti laini, daktari. Naweza kuing'ata mbele?"

"Laini kiasi gani?"

"Ya mzee asiye na meno."

"Mama, kitu ambacho kidole kinakivunja bila kutumia nguvu, hata meno hayo hayatakihisi. Lakini kwa nini uhangaike kung'ata wakati una mikono?"

"Kwa sababu kazi yangu ni kung'ata."

Chombo cha daktari kikasimama ndani ya mdomo wangu. "Kazi yako ni nini?"

Akamwambia. Daktari akavua miwani. Nikajaribu kumwambia amalize kwanza mdomo wangu ndipo ashtuke, lakini hakunielewa.

"Kutwa?" akauliza. "Biskuti? Ya mbele?" Akakaa kwenye kigoda chake. "Mama, ungeniambia, nisingekubandika. Vigamba hivyo si vya kazi hiyo. Sasa vipo. Ukitaka vikae, hiyo laini ing'ate, hiyo moja. Nyingine zote vunja kwa mkono, tafuna nyuma. Ukifanya kama zamani, vitatoka kimoja kimoja, na chini yake sasa jino ni jembamba."

Njiani nikamwambia, kwa maneno yaliyokuwa yananitoka kama gurudumu lenye tundu, "Dada, acha. Nenda maboksi na meno yako. Yakitoka mbele ya yule mama utakosa vyote, kiti na meno."

"Na wewe utampiga nani mateke?" akasema. Lakini hakucheka.

Kesho kutwa fundi wa tanuri alifika mapema kuliko walinzi. Alipunguza moto, akaongeza mafuta, akatupa trei, akaanza tena. Safari hii bosi hakuthubutu kutusimamisha ukumbini. Mgeni aliletwa chumbani kwetu, akakalia kiti changu, mimi nikasimama karibu na ndoo. Bosi alisimama mlangoni bila tai.

Sahani ikaja. Dada Mlio alichukua moja, akaigeuza, akaangalia chini yake. Akaibonyeza ukingoni kwa kidole gumba. Ukingo ukakubali, ukamegeka. Akashusha pumzi.

Akaipeleka mdomoni. Mkono mmoja. Akaiweka katikati, mbele kabisa.

Mimi sikuweza. Nikaangalia ndoo. Nikasubiri mlio.

Hakukuwa na mlio.

Nilipogeuka, alikuwa ameshang'ata. Alikuwa anatafuna polepole, macho juu, na kipande kilichobaki mkononi kina ukingo wa nusu mwezi, safi, wenye alama za meno yote. Akapitisha ulimi kwa mbele, kutoka huku kwenda huku. Vilikuwepo. Vyote. Nikashika ukuta.

Mgeni naye alikuwa ameng'ata yake. "Hii!" akasema, makombo yanaruka. "Hii hii! Wazee wangu wataniombea dua. Bosi, nachukua."

Bosi alikuwa ameshanyoosha mkono wa kuafikiana. Uso wake ulikuwa umerudi na damu.

"Bado," Dada Mlio akasema.

Mkono wa bosi ukabaki hewani. "Bado nini?"

"Imelala."

"Imelala wapi? Mteja amekubali! Mteja huyu hapa, anakula!"

"Leo anakula. Ikikaa kwenye pakiti mpaka iwafikie wazee, itakuwa uji." Akakiweka kile kipande mezani. "Inatakiwa ivunjike chini ya kidole na bado isikike. Hii haisikiki."

Bosi akafumba macho. Nilimwona anahesabu ndani kwa ndani, na hakuwa anahesabu biskuti. "Dada," akasema taratibu, "jana nilikuwa natafuta mtu wa kuchukua hicho kiti chako. Leo nakuachia, unakaa. Mteja amesema ndiyo. Wewe sema tu, 'Ipite.' Neno moja."

Fundi wa tanuri alikuwa ameganda na sahani yake, anamwangalia bosi, anamwangalia Dada Mlio, hajui miguu yake ni ya nani.

"Na wewe?" bosi akanigeukia. "Wewe unasemaje?"

Nikachukua moja. Nikaivunja kwa vidole karibu na sikio, nikatia kipande nyuma, kwenye magego. Dada Mlio hakuniangalia. Chini ya meza kiatu chake hakikusogea.

"Imelala," nikasema.

Yule mama mgeni alikuwa ameacha kutafuna. Akaegemea kiti changu kama mtu aliyefika nyumbani, akaweka mkoba sakafuni.

"Basi nasubiri," akasema.

"Rudisha," Dada Mlio akamwambia fundi, "ongeza moto kidogo tu, kidogo. Na niletee ikiwa imepoa. Ya moto siing'ati."

Fundi akakimbia.